Vuta Mara Kumi na Mbili

Neema wa kaunta alinipigia simu wiki iliyopita. Baada ya shikamoo na habari za kuku wangu, akasema wateja wanamsumbua kwa swali moja tu: ni bastola gani ndogo inayofaa kubebwa kila siku bila watu kujua? Alitaka nimpe jina moja, aliandike kwenye karatasi na kuibandika ukutani, watu wasome wenyewe naye apumzike. Nikamwambia nitamwandikia. Sikumwambia kwamba itakuwa ndefu, maana angeghairi.

Kwa hiyo haya ni yako, Neema, na ya mwenzako Juma, na ya yeyote atakayekalia kile kiti baada yenu. Nimeuza na kutengeneza silaha katika duka lile la Singida mjini miaka thelathini na mmoja. Nimestaafu nikiwa na sikio moja zima na vidole kumi kamili, na kwa kazi yetu hayo ni mafao mazuri. Jina la bastola sitawapa. Nitawapa kigoda, mkeka na gunia, halafu nitawasimulia siku niliyomchagulia mteja bastola vibaya, na kosa hilo likaamua kama mtu fulani ataishi au atakufa. Hilo la mwisho sikuwahi kulisimulia pale dukani.

Nilipoanza kazi, duka lilikuwa chini ya Bi Salma, aliyeachiwa na marehemu mumewe. Kwao ni watu wa biashara wa hapa mjini, baba yake alitoka Tabora na upande wa mama ni pwani. Wateja wapya walikuwa wakiingia na kumwona mama wa makamo, ushungi kichwani, tasbihi mkono mmoja, kitambaa cha mafuta mkono wa pili. Wanamsalimia vizuri, kisha wanauliza mwenye duka yuko wapi. Anawajibu kwamba amefariki. Wanaona haya, wanampa pole, na baada ya hapo hakuna anayethubutu kubishana naye kuhusu bei.

Kwenye kona ya duka kulikuwa na kigoda, mkeka uliokunjwa, na gunia la alizeti lililojaa nusu. Wageni walidhani ni vitu vilivyosahauliwa. Mteja akishaonyesha kibali chake na kuchagua bastola inayompendeza, Bi Salma aliifungua silinda, kile kibweta cha mviringo kinachokaa risasi, akaangalia kama ni tupu, akanipa mimi niangalie, akaangalia tena, ndipo akampa mteja aiweke mahali anapokusudia kuibeba. Kisha akamwambia, kwa sauti ileile aliyoagizia chai, kwamba serikali ya kijiji imeridhika naye, polisi wameridhika naye, yeye bado. Kaa kwenye kigoda. Inuka. Chuchumaa kama unanawa mikono. Beba gunia, litue. Kama wewe ni Mwislamu, mkeka huo, sujudu. Kama ni Mkristo, piga magoti. Kama huna dini, inama ufunge kamba ya kiatu.

Nyinyi mnacheka, nami nilicheka. Lakini watu wengi huchagua bastola wakiwa wamesimama mbele ya kioo, pumzi wameivuta na tumbo wameliingiza ndani, na hakuna mtu anayeishi hivyo. Watu wa kwetu wanachuchumaa, wanainamia mazao, wanakaa kwenye vigoda vifupi jikoni kwa mama zao, wanapiga goti kusalimia. Bastola iliyofichika vizuri kwa mtu aliyesimama humtoka mbele ya mama mkwe.

Alikuwapo mfanyabiashara mmoja aliyekataa mkeka. Alisema ana haraka, na zaidi ya hapo yeye si mtoto wa kufundishwa kusali dukani. Ijumaa ile, katika rakaa ya pili, watu wakiwa wamesujudu, bastola ilimtoka kiunoni ikateleza juu ya mkeka hadi kwenye visigino vya safu ya mbele. Hakuna aliyekatisha sala. Walimaliza, wakatoa salamu kulia, wakatoa salamu kushoto, ndipo wakageuka wote pamoja. Imamu alimwambia tu kwamba viatu huachwa nje, na mengine atafakari mwenyewe. Jumatatu asubuhi alikuwa dukani kabla hatujafungua. Bi Salma alimtandikia mkeka.

Mwingine aliona sinema akataka kuifunga kwenye kifundo cha mguu, ndani ya suruali. Bi Salma akamkalisha kwenye kigoda, akamwambia aitoe huku yeye anahesabu. Alifika tisa. Akamuuliza kama ameshapata jambazi mvumilivu au bado anamtafuta.

Sasa ukubwa, maana najua Neema ameanza kuruka aya. Bastola ya silinda huonekana kwa sababu ya silinda, si kwa sababu ya mtutu. Mtutu mfupi unawafurahisha wateja, lakini kinachoinua shati ni lile tumbo la katikati. Ya risasi tano ni nyembamba kuliko ya sita, na tofauti hiyo ndogo ndiyo unayoilipia. Iliyo nyepesi sana hupendeza mfukoni na hukuadhibu mkononi. Ikilia inakupiga kiganja, na mtu aliyeumia mara moja harudi tena kufanya mazoezi. Nyundo ya nyuma ikiwa imechomoza, itanasa kwenye kitambaa siku utakapokuwa na haraka, kwa hiyo ya mfukoni iwe na nyundo iliyofunikwa. Mpini usiwe mfupi hadi kidole kidogo kining'inie hewani.

Halafu vumbi. Upepo wetu mnaujua. Mfuko unaobeba bastola usibebe kitu kingine. Nimewahi kutoa kwenye silinda punje za alizeti, pipi iliyoyeyuka na kipande cha tiketi ya basi, vyote kwa mteja mmoja, naye alikuwa mwalimu. Kila wiki pitisha kitambaa kikavu, kisha tone moja la mafuta ya silaha. Mafuta ya alizeti hayafai. Nalisema hili kwa sababu yalishawahi kutumika, na bastola ile ilinukia maandazi hadi ilipouzwa.

Lakini kubwa kuliko yote ni triga, kile kichuma kinachovutwa kwa kidole. Bastola hizi ndogo hazina kufuli la usalama kama silaha nyingine. Usalama wake ni ule ugumu wa triga: unavuta kwa nguvu, kwa mwendo mrefu, silinda inazunguka, nyundo inarudi nyuma, ndipo inapiga. Kadiri bastola inavyokuwa ndogo ndivyo triga inavyokuwa ngumu. Kwa hiyo Bi Salma alikuwa na sheria moja isiyo na msamaha. Mteja avute mara kumi na mbili, bastola ikiwa tupu, mbele ya macho yako, mkono wa kulia kisha wa kushoto. Alisema mara ya kwanza mtu anavuta kwa aibu, ya tano anavuta kwa kujionyesha, ya nane anaanza kuchoka, na ya kumi na mbili ndiyo mkono wake wa kweli. Uuzie mkono huo.

Mwaka wangu wa pili kazini, Bi Salma alikwenda Tabora kwenye harusi akaniachia duka siku nne. Siku ya tatu akaingia Mzee Mkumbo.

Alikuwa mnunuzi wa alizeti wa Iguguno, mtu wa miaka hamsini hivi, mrefu, koti la kijivu la kitambaa kizito ambalo baadaye nilikuja kujua halivui hata wakati wa jua kali. Wakati huo Iguguno ilikuwa bado wilaya ya Iramba, wilaya ya Mkalama haijazaliwa. Miezi michache nyuma alikuwa amevamiwa barabarani akitoka Ulemo kununua mazao. Walimpiga, wakamng'oa meno mawili, wakachukua kila kitu pamoja na baiskeli. Hayo alinieleza kwa maneno machache sana akiwa ameangalia ukuta. Kibali chake kilikuwa kamili. Alitaka bastola ndogo, ya kukaa kwenye mfuko wa koti, mtu yeyote asijue, hata mke wake asijue, ingawa hilo la mke nilimwambia haliwezekani kwa sababu ndiye anayefua koti.

Nilimsalimia shikamoo, akaitikia marahaba, na mkono wake wa kulia haukutoka mfukoni. Nilifikiri ni madaha ya wazee wa Kinyiramba. Nilimkalisha kwenye kigoda, akakaa. Nilimbebesha gunia, akalibeba kwa mkono wa kushoto na bega, kwa ustadi wa mtu wa magunia. Alipotia sahihi kwenye daftari aliutoa mkono ule kwa muda, mkono wa koti ukiufunika hadi vidoleni, akaishika kalamu kati ya kidole gumba na kidole cha kati, kisha akaurudisha mfukoni. Niliona. Nilidhani ndivyo alivyofundishwa kuandika.

Nikamchagulia ndogo kuliko zote tulizokuwa nazo. Risasi tano, nyundo imefunikwa, ikizama kwenye mfuko wa koti lile huioni hata ukijua ipo. Nilijivunia. Ikabaki kuvuta triga. Nikamwambia, kwa heshima, kwamba mzee anaweza kuijaribu kidogo akipenda. Akasema haina haja, ameshawahi kushika gobole la baba yake. Na mimi, kijana niliyelelewa vizuri, sikuweza kumwambia mtu wa rika la baba yangu atoe mkono mfukoni nimkague. Nilifunga mzigo, nikamshukuru, nikamsindikiza hadi mlangoni.

Bi Salma aliporudi alisoma daftari kabla hata ya kuvua viatu. Akaniuliza kama Mkumbo alivuta. Nikasema alikuwa mtu mzima. Akauliza tena kama alivuta. Nikasema hapana. Akaniuliza alitia sahihi kwa vidole gani, maana mwandiko ule haukumpendeza. Nikamwonyesha jinsi alivyoishika kalamu. Bi Salma akaweka tasbihi chini, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya saa za kazi.

"Umempa mtu asiye na kidole bastola yenye triga ngumu kuliko zote," akasema. "Sasa anatembea akijua ana silaha. Zamani alikuwa anakimbia. Leo atasimama, na watamuua amesimama."

Nilishindwa kulala siku hiyo. Nasema wazi, niliogopa kwa ajili ya mzee yule kuliko nilivyowahi kuogopa kwa ajili yangu. Asubuhi Bi Salma alinikabidhi springi laini kwenye bahasha na bisibisi ndogo mbili, akaniambia nipande basi la Nzega, nishuke Iguguno, nimlegezee triga ile papo hapo na nimvutishe mara kumi na mbili hata kama ni baba wa rais.

Ilikuwa siku ya mnada. Niliuliza, nikaonyeshwa ghala lake, jengo la matofali lenye mlango mpana upande wa barabara na mlango mdogo nyuma. Nilipofika mlango mpana nilimwona ndani, peke yake, ameinamia mizani, koti mwilini. Nilikuwa nimefungua mdomo kupiga hodi.

Mlango mdogo ukafunguliwa na mtu akaingia kwa kishindo. Kichwani alikuwa amevaa gunia lililotobolewa matundu mawili ya macho, na mkononi kitu kirefu cheusi kimeelekezwa mbele. Akanguruma kwamba mikono juu na hela zote chini.

Mzee Mkumbo hakuinua mikono. Mkono wa kulia uliingia mfukoni, na mfuko wa koti ukanyanyuka ukamwelekea yule mtu kifuani. Kutoka pale nilipokuwa niliona kitambaa kikitikisika. Kikatulia. Kikatikisika tena. Nilijua anachokifanya, kwa sababu ni mimi niliyeichagua bastola ile, na nilijua uzito wa triga ile kuliko mtu yeyote mkoani. Alikuwa anavuta. Mishipa ya shingo ilimtoka, jasho likamtiririka hadi kidevuni, na mfuko uliendelea kutikisika. Mimi nilikuwa na springi laini mfukoni mwangu. Miguu yangu haikusogea. Niliamini namwona akifa.

Yule mtu akavua gunia kichwani. Alikuwa anacheka hadi machozi. Kitu cheusi mkononi kilikuwa mpini wa jembe uliopakwa masizi.

Jina lake Msengi. Ukoo wake na ukoo wa Mkumbo ni watani tangu mababu. Tangu Mkumbo alipovamiwa, Msengi alikuwa akiona mwenzake amenyauka, hacheki, hali vizuri, na akaamua kumtibu kwa njia wanayoijua. Mtani ndiye anayekuja msibani kwako akavaa nguo za marehemu. Anaweza kuingia kwako akachukua jogoo akaondoka naye, na ukikasirika wewe ndiye mwenye makosa. Kwa hiyo alikuwa amefanya kazi yake sawasawa. Hakuna mtu aliyemwambia kuhusu mfuko wa koti, kwa sababu mimi ndiye niliyemhakikishia Mkumbo kwamba hakuna atakayejua.

Mkumbo akakaa juu ya magunia. Akatoa mkono mfukoni ukiwa umeshika bastola, na hapo ndipo nilipokiona kidole cha shahada. Kilikuwa kimekatika pingili ya juu, na kilichobaki kimekakamaa. Mkanda wa mashine ya kukamua mafuta ulimfanya hivyo. Msengi aliiangalia bastola, akaacha kucheka, akakaa naye pale pale juu ya magunia.

"Ina risasi?" Msengi akauliza.

"Tano."

"Ulivuta?"

"Nilivuta."

"Mara ngapi?"

Mkumbo akafikiri. "Sita," akasema.

Mimi bado nilikuwa nimesimama mlangoni, na mwishowe, kwa kukosa la kufanya, nikapiga hodi. Mkumbo akageuka, akanitambua, akauliza nimefuata nini Iguguno. Nikamwambia ukweli, kwamba nilikosea kumchagulia, kwamba triga ni ngumu mno kwa mkono wake, na nimekuja kuilegeza. Nilisema yote kwa pumzi moja na bahasha mkononi. Wazee wale wawili waliiangalia bahasha, kisha wakaniangalia mimi.

Msengi alisema tu kwamba huyu kijana angekuja na basi la jana, yeye sasa angekuwa anaoshwa.

Mkumbo akakataa springi. Nilimweleza hatari, nilimweleza maneno ya Bi Salma, kwamba atasimama wakati anapaswa kukimbia. Akanijibu kwamba atakimbia, ameshajua sasa kwamba haiwezi kulia. Nikamwuliza basi ataibebea nini. Akasema mkono wake una haraka kuliko macho yake, na amefurahi kupata kitu kinachouchelewesha. Akanitengea chai na kuku mzima. Sikula vizuri.

Niliporudi nilitegemea Bi Salma atasema Mungu ametuepusha na yameisha. Alisikiliza hadi mwisho, akashukuru Mungu kwa ajili ya Msengi, kisha akasema kosa limebaki kosa. "Ungefuata sheria, Msengi angekufa. Siku nyingine usipofuata, mwingine atakufa. Kwa hiyo hapo hakuna la kujifunza. Endelea kuwavutisha." Mwezi mzima alinivutisha mimi mwenyewe mara kumi na mbili kila asubuhi, kulia na kushoto, kabla ya chai.

Ila yeye alijifunza kitu, ingawa hakukubali. Tangu siku hiyo, mteja akishamaliza kigoda, mkeka, gunia na triga, Bi Salma alimuuliza watani wake ni akina nani na huwa wanamtania vipi. Wengi walidhani mama amezeeka. Wengine walianza kujibu huku wanacheka, wakafika katikati ya kisa cha shemeji aliyejificha nyuma ya mlango, au binamu aliyewakimbiza na panga la mbao, wakanyamaza wenyewe. Niliwaona wawili walioirudisha bastola juu ya kaunta na kuomba muda wa kufikiri. Mmoja alirudi, mwingine hakurudi, na Bi Salma aliwaheshimu wote wawili.

Neema, hili ndilo gumu la kazi yako. Mteja anataka silaha isiyojulikana na mtu, na sisi tunajua kumfichia. Lakini ukiificha kwa jambazi umeificha pia kwa mtani, kwa shemeji, kwa mtoto wa dada anayependa kuziba watu macho kwa nyuma. Ukiwaambia hao, kesho stendi nzima inajua. Sina dawa ya jambo hilo. Ninachojua ni kwamba lazima mteja alifikirie akiwa bado kwenye kigoda chako, si akiwa na mkono mfukoni.

Mzee Mkumbo aliileta bastola yake kwangu kila mwaka nikaisafisha. Kila mwaka niliikuta haijawahi kulia, na kila mwaka alikaa kwenye kigoda bila kuambiwa, akaniambia maneno yaleyale: "Safisha, usiilegeze." Ile springi yake niliiandika jina. Ipo kwenye droo ya tatu, ndani ya bahasha ya kaki. Usije ukamwekea mtu mwingine.

Bi Salma alitutangulia miaka mingi iliyopita. Mzee Mkumbo alifariki mwaka jana, kwa uzee, kitandani kwake. Familia walinipigia simu. Silaha ya marehemu hairithiwi kama shati, inapaswa kurudishwa polisi, na hakuna mtu nyumbani aliyethubutu kuigusa. Nikapanda tena basi la Nzega.

Nilikuta watu wengi uani, na katikati yao Msengi, mzee sasa, mgongo umepinda. Amevaa koti la kijivu la marehemu ndani nje, na gunia lenye matundu mawili kichwani. Alikuwa anaigiza. Aliingiza mkono mfukoni, akakaza shingo, akatumbua macho, akavuta, akatetemeka, akavuta tena. Waombolezaji wanajua kisa chote, kimeshakuwa cha kijiji, wakahesabu naye kwa sauti hadi sita. Kisha akageukia chumba alicholazwa marehemu, akalalamika kwamba huyu bwana amemdai maisha yake miaka yote hii, na alishindwa hata kuyachukua alipopewa nafasi. Watu walicheka, mjane naye alicheka. Mimi nilipita pembeni na uso wangu nikauficha kwa kofia, kwa sababu nilikuwa ninalia na sikutaka kuharibu.

Binti mkubwa wa marehemu akanipeleka chumba cha pembeni. Bastola ilikuwa kwenye sanduku la bati, imefungwa kwenye kitambaa safi. Niliifungua silinda, nikatoa risasi tano, nikaangalia, nikampa binti aangalie, nikaangalia tena. Ndipo Msengi akaingia, gunia mkononi. Nikampa shikamoo, akaitikia. Akaniuliza kama ni tupu. Nikasema ni tupu. Akanyoosha mkono.

Sheria hazijaandika kwamba mtani wa marehemu aruhusiwe kushika, na mimi nimekuwa mtu wa sheria. Nikampa. Nikamwelekezea mtutu ukutani, kwenye udongo. Kidole chake kilikuwa kizima, cha mzee lakini kizima, na alivuta polepole kama tunavyowafundisha. Silinda ikazunguka. Nyundo ikapiga patupu.

Msengi akabaki ameielekeza ukutani.

"Hiyo ndiyo sauti yake?"

"Risasi ikiwemo ni kubwa zaidi," nikasema. "Lakini inaanza hivyo."

"Ndogo hivyo," akasema.

Akanirudishia, akajifuta uso kwa gunia, akalivaa tena kichwani, akatoka nje kwa watu. Nilikuwa bado nazifunga zile risasi tano kwenye kitambaa niliposikia wamecheka tena.